TIARA YA KUVUTA: CHAGUA ILE UNAYOWEZA KUIZIMA



Siku moja baba mmoja alikuja dispansari kubadilisha bandeji ya mkono. Nilipokuwa ninamfunga aliniuliza: «Munganga, mdogo wangu yuko Dar es Salaam. Watoto wameona katika simu watu wa Zanzibar wanaovutwa na tiara kubwa za rangi, juu ya mchanga na juu ya maji. Wanataka tucheze hivyo hapa Isangi, maji ya mto yakishuka na mchanga ukitokea. Nimwambie mdogo wangu anunue ya namna gani? Mimi nafikiri anunue kubwa, maana upepo wetu ni mdogo.»

Nilimwomba angoje kwanza, asipige simu. Mchezo wenyewe ni mzuri. Unamtoa mtu nyumbani siku ya mapumziko, unanyoosha mgongo uliochoka na kazi, na baba anacheza pamoja na watoto wake. Lakini wazo lake la kununua kubwa ndilo kosa ambalo huleta ajali. Tueleze kwa nini.

NI KITU GANI?

Tiara, ambayo wengine huiita kishada, watoto wetu wanaijua: vijiti viwili, karatasi au plastiki, mkia wa kitambaa na uzi mmoja. Ile hupanda juu na kukaa huko. Tiara ya kuvuta ni kitu kingine. Nyingi za kuchezea nchi kavu hazina vijiti. Ni kitambaa chepesi kilichoshonwa kwa vifuko vingi. Upepo ukiingia katika vifuko, kitambaa kinavimba na kupata umbo la bawa. Mchezaji anaishika kwa kamba 2, 3 au 4, na kwa kamba hizo anaigeuza kushoto na kulia. Bawa la vifuko namna hii lilibuniwa Marekani na Domina Jalbert katika mwaka 1964. Ziko pia zenye mirija inayojazwa hewa kwa pampu. Hizo zilibuniwa na ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, mwaka 1984. Ndizo zinazoonekana kwa wingi Paje, kule Zanzibar, na Diani, kusini ya Mombasa.

Mtu asidanganywe na rangi zake nzuri. Hii ni mashini ya kuvuta. Tangu mwaka 1826 mwalimu mmoja wa Uingereza, George Pocock, aliandikisha serikalini uvumbuzi wake wa gari lililovutwa na tiara badala ya farasi. Mwaka 1903 Samuel Cody alivuka bahari kati ya Ufaransa na Uingereza ndani ya mashua ndogo iliyovutwa na tiara. Kitu kinachovuta gari na mashua hakishindwi kumvuta mtu.

HESABU YA UPEPO

Hapa ndipo penye siri. Upepo ukiongezeka mara 2, nguvu ya kuvuta haiongezeki mara 2, bali mara 4. Upepo ukiongezeka mara 4, nguvu inaongezeka mara 16.

Tuchukue tiara kubwa ya mita za mraba 6. Katika upepo mwepesi wa kilometa 12 kwa saa, ikiwa imesimama tu hewani, inavuta kama kilo 4. Mtoto anaweza kuishika, na kila mtu anacheka. Sasa upepo wa mvua unafika kwa ghafla, kilometa 48 kwa saa. Tiara ile ile, katika mikono ile ile, inavuta kama kilo 64. Huo ni uzito wa mtu mzima. Na hiyo ni hesabu ya tiara iliyotulia. Ikikata hewa kwa mbio kutoka upande mmoja hadi mwingine, inavuta zaidi ya hapo mara kadhaa.

Tiara ya mita za mraba 2, katika upepo huo huo mbaya, ikiwa imetulia inavuta kama kilo 21. Inaweza kukuangusha, lakini hainyanyui mtu mzima kwa wepesi kama ile kubwa, na unapata nafasi ya kuiachia.

Sasa tutazame mahali petu. Isangi iko karibu kabisa na ikweta, pale Lomami unapoingia katika mto Kongo, na msitu uko pande zote. Siku nyingi upepo hautikisi hata majani. Kule pwani ya Bahari ya Hindi, Kusi huvuma karibu Juni hadi Septemba, na Kaskazi karibu Desemba hadi Machi. Pepo hizo hutoka baharini na kuvuma kwa masaa mengi kwa nguvu iliyo karibu sawasawa. Kwetu upepo wenye nguvu huja mara nyingi pamoja na wingu la mvua: kimya kabisa, kisha dharuba kwa mara moja.

Kwa hiyo anayenunua tiara kubwa kwa sababu upepo wetu ni mdogo, anaipima kwa upepo wa asubuhi, na atakutana na upepo wa jioni. Kazini hatuchagui kamba ya winchi kwa mzigo mwepesi wa siku ile. Tunaichagua kwa mzigo mzito kuliko yote. Na tiara ni vivyo hivyo: ipime kwa upepo mbaya kuliko yote unaoweza kukukuta.

MAMBO MATANO YA KUTAZAMA UNAPONUNUA

1. Ukubwa. Mtu mzima anayeanza achukue mita za mraba 2, au 3 kwa wingi. Kijana wa miaka kumi na zaidi, mita 1 hadi 1 na nusu, na mtu mzima asimame karibu naye. Mtoto mdogo abaki na tiara ya uzi mmoja. Zile za mita 7 hadi 12 zinazotumiwa Paje na Diani ni za kupanda ubao juu ya maji, na watu hujifunza kwa mwalimu kabla ya kuzishika. Muuzaji akikupa moja ya hizo kwa bei ya chini, mshukuru na umwachie.

2. Njia ya kuizima. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Uliza: «Nikiachia mikono, itakuwaje?» Katika tiara nzuri ya kuanzia, ukiachia mpini, kamba moja ya usalama iliyofungwa katika kifundo cha mkono inavuta ukingo mmoja tu wa kitambaa. Upepo unatoka ndani, tiara inapoteza nguvu na kuanguka chini kama shuka. Zenye kamba 3 zimetengenezwa kwa ajili hiyo. Zenye kamba 4 zina kamba 2 za breki, nazo ni nzuri pia, ila zinataka mazoezi zaidi. Kama muuzaji hawezi kukuonyesha inavyozimika, usinunue.

3. Kamba. Ziwe zile zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na za urefu ulio sawa. Kamba ikiwa fupi kuliko mwenzake, tiara itageuka upande mmoja daima. Uzi wa kuvulia samaki unanyooka kama mpira na kuharibu usukani. Waya wa chuma ni marufuku kabisa, kwa sababu unapitisha umeme.

4. Hali ya kitambaa. Kama ni ya mtumba, ishike juu, uitazame mbele ya jua. Tafuta matundu, mishono iliyofunguka na mafundo katika kamba. Fundo hupunguza nguvu ya kamba pale pale lilipo.

5. Usijifunge kiunoni. Ziko zinazouzwa pamoja na mkanda wa kiunoni wenye ndoano. Huo ni wa watu waliokwisha kuzoea. Anayeanza ashike kwa mikono yake tu, ili mikono ikifunguka nguvu iishe.

SIKU NA MAHALI PA KUCHEZA

Huna haja ya chombo cha kupimia upepo. Tazama miti. Majani na vitawi vidogo vikicheza bila kusimama, upepo ni kilometa 12 hadi 19 kwa saa: ni wakati mzuri wa kujifunza. Vumbi likiinuka na matawi madogo yakitikisika, ni 20 hadi 28: aliyezoea acheze, anayeanza atazame. Miti midogo ikiyumba, ni 29 na zaidi: kunja tiara yako, nenda nyumbani. Na kama majani hayatikisiki, tiara ndogo haitapanda. Basi ngoja siku nyingine. Kungoja hakuvunji mfupa.

Wingu jeusi likionekana, usingoje tone la mvua. Mashariki ya Kongo ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na radi mara nyingi kuliko zote, na kamba iliyolowa inayokwenda juu angani si kitu cha kushika. Ukisikia ngurumo, shusha. Usirudi mpaka dakika 30 zimepita tangu ngurumo ya mwisho.

Kuhusu mahali, kumbuka kwamba tiara inakuvuta upande upepo unakokwenda. Basi upande huo uwe mchanga mtupu, si mto, si mitumbwi iliyofungwa, si miti, si mahali ambapo akina mama wanafua. Kamba nyingi zina urefu wa mita 20 hadi 25. Acha wazi angalau mita 100 mbele yako. Nyaya za umeme ziwe mbali kabisa. Tiara ikinasa katika nyaya, achia kila kitu na usiifuate, hata kama ni mali ya thamani.

Kazini hakuna anayesimama chini ya mzigo unaoning'inia. Mchangani mtu asisimame wala kupita kati yako na tiara. Kamba zake ni nyembamba, na zikikazwa zinakata nyama kama kisu. Mweke mwenzako mmoja awe mlinzi wa kuwazuia watoto wanaokimbia kuja kutazama.

Unapoanza, simama ukiwa umeupa upepo mgongo. Fikiria nusu ya chungu kikubwa kilichofunikwa mbele yako. Juu ya kichwa na pembeni kabisa, kushoto na kulia, tiara inavuta kidogo. Katikati na chini, mbele ya kifua chako, ndiko inakovuta kwa nguvu zote. Siku za kwanza irushe pembeni na juu tu. Na ikikuvuta, usishindane nayo: achia!

Vaa viatu, mikono myepesi ya kazi, na kofia ya baiskeli yenye mkanda wa kidevu. Kofia ngumu ya kazini ilitengenezwa hasa kwa vitu vinavyoanguka kutoka juu. Mtu akianguka chali, haimlindi kisogo vizuri. Na kamwe usizungushe kamba katika vidole au katika mkono.

AJALI IKITOKEA

Kamba ikichubua au kuunguza ngozi, osha kwa maji safi mengi, funika kwa kitambaa safi. Usipake mafuta, dawa ya meno wala udongo. Ikikata na damu inatoka, bonyeza kidonda kwa kitambaa kwa nguvu bila kuachia, kisha njoo dispansari. Tutatazama pia kama unahitaji sindano ya pepopunda.

Bega likitoka mahali pake, usikubali mtu alivute, hata kama anajulikana kwa ufundi huo. Mshipa unaweza kukatika. Funga mkono kifuani kwa kitambaa, uje.

Mtu akinyanyuliwa na kuangushwa, akilalamika shingo au mgongo, au akisema miguu imekufa ganzi, msimwinue kukaa. Mwacheni alipo, mtu mmoja ashike kichwa chake kisigeuke, mwingine akimbie kutuita. Aliyepigwa kichwa akitapika, akilala usingizi usio wa kawaida au akisema maneno yasiyoeleweka, ni mgonjwa wa haraka, hata kama kwanza alisimama na kucheka.

WAKATI UNAINGOJA

Yule baba amekwisha kumpigia simu mdogo wake. Ameomba ya mita za mraba 2, yenye kamba ya usalama. Safari kutoka Dar es Salaam hadi Isangi ni ndefu, na watoto hawapendi kungoja. Basi nimemshauri atengeneze pamoja nao tiara ya uzi mmoja, ya vijiti na plastiki. Gharama yake ni ndogo sana. Kwa hiyo watajua upepo unatoka wapi saa ngapi, unapotelea wapi nyuma ya miti, na unabadilika namna gani wingu likija. Anayejua hayo amekwisha kujifunza nusu ya mchezo, na tiara mpya ikifika haitamkuta mgeni.

Wazazi, cheza na watoto wenu, na mrudi kazini Jumatatu mkiwa wazima.

KUMBUKA: TIARA NZURI YA KWANZA SI ILE INAYOVUTA SANA, NI ILE INAYOZIMIKA UPESI!