Kumchagua Mtaalamu wa Nje wa Kutengeneza Kazi

Hapana idara, iwe ya serikali au ya mfanyabiashara, isiyofikwa na siku ambazo watu wake, wenye elimu ya kutosha na mishahara inayolipwa kwa wakati, huonekana kana kwamba wamefungwa miguu: kazi huanza na haziishi, wateja hurudi na malalamiko yale yale, mikutano huwa mirefu na maamuzi machache, na maneno ya chini chini huzidi yale yasemwayo waziwazi. Aghalabu mkuu wa idara namna hiyo, baada ya kuonya na kubembeleza na kuhamisha mmoja hapa na mmoja pale, hufikia shauri la kumwita mtu wa nje. Shauri hilo si baya. Mtu wa nje hana upande katika ugomvi wa ndani, hatazamii cheo wala haogopi kushushwa, na jicho lake halijazoea kasoro ambazo wenyeji wamekaa nazo hata hawazioni tena. Walakini fadhila hiyo ina sharti moja, nalo ni kwamba aitwe mtu anayefaa; na wanaoharibikiwa katika jambo hili ni wengi, si kwa sababu wataalamu ni haba, bali kwa sababu huchaguliwa kabla maradhi hayajajulikana.

Nalikazia hili kwa kuwa ndilo shina la habari yote. Natuchukue, kwa mfano, ofisi ya kutoa leseni ambayo waombaji wake husubiri wiki tatu kwa jambo la siku mbili. Mkuu wake ameamini kwamba makarani ni wavivu, na kwa nia njema kabisa ameagiza mkufunzi aje awafundishe ari ya kazi kwa siku mbili. Mkufunzi atafundisha vizuri, makarani watamshukuru kwa dhati, na Jumatatu waombaji watasubiri kama kwanza. Lau mtaalamu yule angaliomba, kabla ya kufundisha neno lolote, kukaa asubuhi moja masjala na kulifuata jalada moja kwa miguu yake, angaliona jinsi linavyotoka dirishani likiwa na karatasi zake zote, likaandikwa katika daftari, likapelekwa kwa mkaguzi ambaye hulimaliza kabla ya adhuhuri, kisha likalazwa juu ya rundo mlangoni pa mkuu mwenyewe, kwa sababu muhuri mmoja wa ofisi umefungiwa katika mtoto wa meza yake, ufunguo uko mfukoni mwake, naye yuko mkutanoni mji mwingine. Hapo taksiri si ya makarani hata kidogo, na hakuna mafunzo ya ari yatakayoutoa muhuri ule mahali ulipo.

Edgar Schein, aliyekuwa profesa katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts huko Marekani, alitoa kitabu mwaka 1969 juu ya kazi ya ushauri, na katika mafundisho yake alizipambanua namna tatu za msaada wa mtu wa nje. Ya kwanza ni ya kununua ujuzi: mwenye kazi anajua anachokosa, humtafuta aliye nacho, hulipa na hupewa. Ya pili ni ya mgonjwa na tabibu: mwenye kazi anajua kwamba anaumwa lakini hajui kinachomuuma, basi humwachia mgeni apime na kuandika dawa. Ya tatu, ambayo Schein mwenyewe aliipa uzito mkubwa, ni ile ambayo mgeni hukaa pamoja na wenyeji akawasaidia kuyatambua mambo yao wenyewe, na tiba ikatoka mikononi mwao. Kila namna ina mahali pake. Lakini ile ya pili, ambayo ndiyo ipendwayo sana, ina hatari kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwani mgonjwa aweza kuficha dalili asizotaka zijulikane, na aweza kuikataa dawa baada ya kuilipia. Na hii ndiyo sababu ripoti nyingi zilizoandikwa kwa ustadi hulala kabatini mpaka zikaliwa na mchwa.

Maradhi yakijulikana, jina la mtu wa kuitwa huja karibu lenyewe. Ikiwa wahasibu hawaijui programu mpya ya hesabu, aitwe mkufunzi. Ikiwa majukumu yamegongana na jalada moja linapita mikono sita bila haja, aitwe mshauri mwelekezi aliyezoea kupanga kazi. Ikiwa watu wana ujuzi na mpango ni mzuri lakini hawasemezani, mwezeshaji ndiye afaaye. Na ikiwa ni kiongozi mmoja aliyepanda cheo upesi na anahitaji mtu wa kufikiri naye faraghani, hiyo ni kazi ya kocha. Ama ugomvi unaohusu haki za ajira, hao wote waachwe: Tanzania Bara ina Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2004, na si insafu kuiita semina mahali palipo na madai.

Sasa nije kwa alama ambayo kwangu mimi yapita nyingine zote, nayo ni kile ambacho mtaalamu humtaka mkuu wa kazi atende. Mwaka 1950, Japani ikiwa bado chini ya majeshi yaliyoishinda vitani na bidhaa zake zikijulikana kwa unyonge wake, umoja wa wanasayansi na wahandisi wa nchi hiyo ulimwalika W. Edwards Deming, Mmarekani mtaalamu wa takwimu, aje afundishe namna ya kutawala ubora wa kazi viwandani. Deming alikuwa na uchungu aliokuja nao kutoka kwao. Wakati wa vita wahandisi wengi wa Marekani walikuwa wamefundishwa maarifa yale yale, nao wakayatumia kwa faida. Lakini wakuu wa viwanda hawakuyaelewa wala hawakuyashughulikia, na vita vilipokwisha maarifa yakafifia. Kwa hiyo, pamoja na kuwafundisha wahandisi wa Japani, alitaka kuzungumza na wakuu wenyewe. Na Ichiro Ishikawa, aliyekuwa kiongozi wa umoja ule na mtu mwenye heshima kubwa miongoni mwa wenye viwanda, akawakusanya. Walikutana Tokyo, kisha Hakone, mji wa milimani, katika kiangazi cha mwaka ule. Fedha zilizopatikana kwa kuuza maandishi ya mihadhara yake Deming hakuzichukua, na mwaka 1951 ikaanzishwa tuzo yenye jina lake ambayo hutolewa hata leo.

Nimeieleza habari hii kwa urefu kwa sababu naona katika hiyo kipimo ambacho hata mtu asiye na elimu ya utawala aweza kukitumia. Mtaalamu anayekuja akakubali mara moja kwamba kasoro zote ni za walio chini, ambaye hamwombi mkuu hata saa moja ya wakati wake, ambaye hasemi, kwa adabu lakini bila kumumunya, kwamba huenda mambo mengine yatambidi mkuu ayabadili kwanza yeye, huyo atapendeza na hatasaidia. Mkuu naye ajiulize kwa ikhlasi kama yu tayari kuambiwa. Kama hayuko tayari, heri fedha zile zitumike kuongeza viti vya wateja.

Kipimo cha pili ni usikivu. Katika kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago, kilichokuwa mali ya kampuni ya Western Electric, uchunguzi mkubwa wa maisha ya kazini ulioanza mwaka 1924, na ambao baadaye ulihusishwa sana na jina la Elton Mayo wa Chuo Kikuu cha Harvard, ulifika mahali pa kuwahoji wafanyakazi zaidi ya 20,000. Mwanzoni wahoji walikwenda na maswali yaliyokwisha pangwa, wakaona kwamba watu hujibu kwa ufupi kisha huhamia kwenye mambo yaliyo moyoni mwao. Ndipo wakaambiwa waache maswali, wamwache mtu aseme apendavyo, nao wasikilize. Huko Uingereza, mwaka 1951, Eric Trist na Ken Bamforth wa Taasisi ya Tavistock waliandika juu ya machimbo ya makaa ya mawe, wakaonyesha jinsi mitambo mipya ilivyovunja vikundi vidogo vya wachimbaji waliozoea kusaidiana gizani, na jinsi kuvunjika huko kulivyoidhuru kazi. Bamforth alikuwa amechimba makaa yeye mwenyewe kwa miaka mingi, na sidhani kwamba mtu asiyepata kushuka shimoni, wala kukaa kitako na walioshuka, angaliweza kuyaona yale.

Kwetu Afrika ya Mashariki usikivu una mlango ambao mara nyingi husahauliwa, nao ni lugha. Mtaalamu anayeendesha mazungumzo kwa Kiingereza katika kiwanda ambacho watu wa mashine huzungumza Kiswahili kutwa, atawasikia wenye vyeo na wachache waliosoma sana. Wale waijuao mashine kwa mlio wake watakaa kimya, naye ataondoka akidhani kwamba hawakuwa na la kusema. Ukimhoji mtaalamu kabla ya kumpa kazi, mwulize jambo hili waziwazi. Mwulize pia ni nani hasa atakayekuja, kwa maana hutokea kwamba mzee mwenye wasifu mrefu huja siku ya kuomba kazi, na siku ya kazi wakatumwa vijana wake. Mtake akuhadithie kazi moja iliyomshinda na sababu yake; asiye na hata moja ama ni mchanga ama hasemi kweli. Na unapouliza habari zake kwa waliomtumia zamani, usiishie kwa mkurugenzi aliyemlipa, bali mtafute karani au fundi aliyekuwako, umwulize ni kitu gani kilichobadilika na kama kingali kimebadilika.

Mfano mzuri wa jambo lililobaki tunao nyumbani. Mwaka 2007 hospitali ya rufaa ya Mbeya, Tanzania, ilianza kufuata utaratibu wa Kijapani wa kupanga mahali pa kazi na kuendeleza ubora hatua kwa hatua, kwa msaada wa JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa. Utaratibu huo ulikuwa umetoka viwandani, lakini ulikuwa umekwisha jaribiwa katika hospitali ya wanawake ya Castle Street mjini Colombo, Sri Lanka, yaani mahali pa wagonjwa wengi na fedha chache, panapofanana na petu kuliko kiwanda cha magari. Kazi yenyewe iliwekwa mikononi mwa vikundi vidogo vya watumishi wa hospitali, kila kimoja katika sehemu yake, nao wakaanza na mambo ya karibu: kuondoa visivyotumika, kukipa kila kifaa mahali pake pa kudumu, kusafisha. Kutoka Mbeya utaratibu ukaenea katika hospitali nyingine za nchi.

Kinyume chake ni tukio kubwa zaidi, ambalo wazee waliokuwa serikalini wakati ule wanalikumbuka. Mpango wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972 uliandaliwa kwa ushauri wa McKinsey, kampuni ya Marekani yenye sifa kubwa ya kupanga makampuni makubwa. Nia ya serikali ilikuwa kuyasogeza maamuzi karibu na wananchi. Lakini halmashauri zilizochaguliwa zikafutwa, na madaraka yaliyoondoka Dar es Salaam yakaangukia zaidi mikononi mwa maofisa wa mikoa na wilaya. Huduma za miji zikadhoofika hata halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978, na sheria za mwaka 1982 zikazifufua serikali za mitaa Tanzania Bara kote. Haitakuwa haki kuutupa mzigo wote juu ya mshauri, maana uamuzi ulikuwa wa wenye nchi. Hata hivyo mtu aliyebobea katika kupanga kampuni si lazima awe amebobea katika kupanga wilaya, na sifa yake kuu aliipata mahali ambapo mwenye mali akiagiza, hutendwa.

Akisha kupatikana mtu, mapatano yaandikwe. Hadidu za rejea zitaje kasoro inayotafutiwa dawa kwa maneno ambayo hata mhudumu wa ofisi ataelewa, malipo yagawanywe kwa awamu zinazofuata kazi iliyoonekana, na iwekwe ahadi kwamba aliyoyasema mfanyakazi kwa siri hayatapelekwa kwa mkuu yakiwa na jina lake. Ahadi hii ya mwisho mkuu aitangaze yeye mwenyewe mbele ya watu wote kabla mgeni hajaanza, na ailinde hata ikimuuma. Na mkataba usiotaja siku ambayo mgeni ataondoka, wala mfanyakazi gani atakabidhiwa kazi ile aiendeleze, usitiwe saini.