Nyumba Zenye Tenki la Samaki na Desturi za Siku ya Giza

Umeme ukikatika Dar es Salaam, nyumba nyingi huwasha kwanza tochi ya simu. Nyumba yenye tenki la samaki huwa imeshajua kabla ya tochi kuwaka. Pampu ya hewa huvuma usiku na mchana mpaka watu wakaizoea wasiisikie tena, na siku inaponyamaza hata aliyelala chumba cha uani hugutuka. Mtoto hutumwa dirishani akaangalie kwa jirani. Kwa jirani kukiwaka, basi ni LUKU, umeme wa kulipia kabla, imeisha; baba ananunua tokeni kwa simu na habari imekwisha. Mtaa mzima ukiwa giza, kila mtu wa nyumba hiyo anajua nafasi yake.

Nafasi hizo hazikupangwa kikaoni. Zilizoeleka katika miaka ya mgao wa umeme: mwaka 2006 ukame uliposhusha mno maji ya bwawa la Mtera, mwaka 2011, kisha 2023 kuingia 2024, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere haujaanza kazi Februari 2024. Wazanzibari wana kumbukumbu nzito zaidi, maana waliishi bila umeme wa gridi karibu mwezi mzima mwaka 2008, na tena miezi mitatu tangu Desemba 2009. Leo mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja imesimikwa katika Bwawa hilo la Nyerere huko Rufiji, lakini mti bado huangukia nyaya na transfoma bado hulipuka mvua za masika zikianza. Mwenye samaki hajaacha kuweka ndoo karibu.

Wanaosoma vitabu vya Ulaya kuhusu ufugaji huu hukuta onyo kubwa ni baridi: fungia tenki blanketi, weka chupa za maji moto. Ushauri huo unaweza kumfaa mtu wa Iringa au Mbeya mwezi wa Julai. Dar es Salaam mwezi wa Februari ukilifunga tenki blanketi umewamaliza samaki mwenyewe. Huku joto ndilo adui, kwa sababu kadiri maji yanavyopata joto ndivyo yanavyoshika hewa kidogo. Lita moja ya maji yasiyo na chumvi yenye nyuzi 25 hushika takriban miligramu 8.2 za oksijeni. Yakifika nyuzi 30 hushika kama 7.5. Nairobi kuna ubaridi, ila mji uko juu mno, na kwa joto lile lile maji ya huko hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ya ile ya pwani. Kila mji na shida yake. Tena usiku taa zikizimika, mimea ya ndani ya tenki nayo hugeuka mlaji wa hewa ile ile iliyokuwa ikiitengeneza mchana.

Samaki hawalingani kwa uvumilivu, na wafugaji wa zamani huwapima kwa hilo kuliko kwa rangi. Mbuna wa Ziwa Nyasa na jamaa zao wa miamba ya Ziwa Tanganyika wametoka mahali ambapo mawimbi hupiga mawe kutwa, maji yamejaa hewa. Pampu ikizimika hao ndio hutangulia kupanda juu na kutweta. Samaki wa dhahabu hula sana na kuchafua sana, hivyo naye hachelewi kulalamika. Beta na gurami wana kiungo cha kuvutia hewa ya juu ya maji moja kwa moja, na hukaa giza zima bila wasiwasi. Ndiyo maana mgeni wa kazi hii akiuliza aanze na samaki gani, mzee wa matenki humuuliza kwanza anaishi mtaa gani na umeme wa huko ukoje.

Kazi yenyewe hufanywa na jagi. Unachota maji ya tenki, unainua mpaka usawa wa bega, unayamimina taratibu yapasuke juu ya maji mengine, unarudia. Mfuniko unatolewa, dirisha linafunguliwa, na hakuna kulisha: samaki mzima hukaa siku kadhaa bila chakula, lakini chakula kinachooza hula hewa iliyobaki. Watoto hugombania jagi kwa robo saa ya kwanza, kisha wanapotea. Anayebaki, hasa umeme ukikatika mchana, ni dada wa kazi. Mwenye nyumba yuko ofisini, anapiga simu: “Dada, samaki wanaendeleaje?” Naye anajibu huku mkono mmoja uko majini, “Wako juu juu baba, ila wanapumua.” Sifa za tenki zuri humwendea baba anapoonyesha wageni sebuleni. Mimi naona nyumba nyingi zingekuwa na matenki matupu kama si dada huyo, na sijasikia akitajwa mbele ya wageni.

Bibi akija kutoka kijijini huwa na mtazamo wake. Haoni sababu ya kumhangaikia samaki asiyeliwa, na haoni haya kusema. Lakini usiku ukiwa mrefu na dada amechoka, bibi huyo huyo ndiye anayevuta kigoda na kushika jagi, akinung'unika.

Vifaa vipo kwa mwenye uwezo. Pampu ndogo inayotumia betri au pawabenki inatosha tenki la kawaida. Inveta na betri ya sola hubeba nyumba nzima, na mwenye nayo hupenda kueleza. Kuna kimoja cha bei ndogo ambacho wengi husahau: vali ya kuzuia maji kurudi. Pampu ikiwekwa chini ya usawa wa tenki bila vali hiyo, umeme ukizimika maji huweza kurudi kwa mrija mpaka kwenye zulia, na hapo karibu huwa kuna soketi. Hata hivyo inveta haimsaidii sana aliyejaza samaki thelathini katika kioo cha lita hamsini ili sebule ipendeze. Maandalizi yake aliyaharibu dukani.

Umeme ukirudi, watoto wa mtaa hupiga kelele zile zile za siku zote, na nyumba ya samaki haikimbilii swichi. Huchomoa kila kitu na kungoja, kwani umeme unaorudi kwa kishindo huunguza pampu. Filta ya kufungwa iliyolala saa nyingi husafishwa kwanza, kwa maji ya tenki lenyewe wala si ya bomba lenye klorini, maana bakteria waliokufa humo kwa kukosa hewa wakisukumwa ndani hutia sumu. Pampu ya betri iliyoazimwa kwa jirani hurudishwa siku hiyo hiyo, ikiambatana na mfuko wa nailoni wenye gapi wawili watatu. Gapi huzaa karibu kila mwezi, kwa hiyo jirani huyo kwa kawaida hulazimika kubembelezwa awapokee.