Baada ya Mavuno: Sumukuvu, Afya na Kipato cha Mkulima Mdogo

Mazungumzo kuhusu mustakabali wa mkulima mdogo aghalabu huhusu mbegu, mbolea na mvua. Ni nadra kutajwa wiki chache zilizo baina ya kuvuna na kuhifadhi, ilhali ndizo huamua iwapo mahindi na karanga zitakuwa chakula, fedha au sumu.

Sumukuvu huzalishwa na kuvu, hasa wa jamii ya Aspergillus, ambao huingia kwenye mazao yangali shambani, hususani yanapokumbwa na ukame na wadudu. Nafaka ikihifadhiwa na unyevu, kuvu hao huendelea kustawi ghalani. Sumu yenyewe haionekani kwa macho, na moto wa jikoni hauiondoi. Ugali ulioiva vyema waweza kuwa nayo.

Madhara yake si ya kinadharia. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafariki; uchunguzi ulihusisha maafa hayo na mahindi yaliyohifadhiwa majumbani yakiwa na unyevu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania, waliripotiwa wagonjwa 68, na 20 kati yao walipoteza maisha. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi yumo katika hatari ya saratani ya ini, na hatari hiyo huongezeka maradufu na zaidi kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Hii ni sababu mojawapo ya kukamilisha chanjo ya watoto dhidi ya ugonjwa huo.

Kipato nacho huathirika. Machi 2021, Kenya ilisitisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti, likiwemo la cheti kuonyesha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mfanyabiashara mkubwa aweza kugharimia kipimo. Mwenye magunia matano hawezi. Na gunia lililokataliwa sokoni ni shida kulitupa: hurudi nyumbani, likaingia chunguni. Kumwambia mama amwage akiba yake pekee ni kumtaka achague baina ya njaa ya leo na maradhi ya kesho. Ndiyo maana ushauri hauna budi kutangulia hasara.

Mazao yaanikwe juu ya turubai au chanja, si juu ya udongo mtupu. Ili kupima ukavu, tia chumvi kavu kidogo ndani ya chupa kavu ya kioo, ongeza mahindi, funga, tikisa, kisha subiri robo saa. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mahindi yangali mabichi. Isipogandia, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi. Kwa kuwa kiwango kinachokubalika Afrika Mashariki ni asilimia 13.5, kuanika kuendelee kidogo. Punje zilizovunjika, zilizosinyaa au zenye ukungu zichambuliwe na zisipewe mifugo, kwani sumu huweza kupita hadi kwenye maziwa. Kukoboa mahindi hupunguza sumu. Mifuko isiyopitisha hewa huzuia wadudu na unyevu, mradi nafaka iwe imekauka kabla ya kufungwa.

Kwa mhudumu wa afya, watu kadhaa wa kaya moja wanapopata manjano, kutapika na kuvimba tumbo kwa wakati mmoja, swali la kwanza liwe: mmekula nini? Auliza pia kuhusu mifugo, sampuli ya nafaka ihifadhiwe, na taarifa imfikie mganga mkuu wa wilaya bila kukawia.

Lipo jambo jingine linalotuhusu moja kwa moja. Kliniki za mama na mtoto hushauri unga wa lishe, ambao mara nyingi huchanganya mahindi na karanga, yaani mazao mawili yanayoshambuliwa zaidi. Ushauri huo ubaki, lakini uambatane na maelekezo ya kuchambua kabla ya kusaga. Afisa ugani akialikwa kliniki mwezi mmoja kabla ya mavuno, mama atayasikia maelekezo hayo mahindi yangali shambani, na bado akiwa na muda wa kutafuta turubai.