Mtoro wa Bullworth

Jimmy Hopkins ana miaka 15, kichwa amenyoa, na shule kadhaa zimeshamfukuza. Mama yake anamshusha langoni mwa Bullworth Academy, shule ya bweni ya kubuni huko New England, Marekani, kisha anaendelea na fungate na mume mpya. Hapo ndipo inapoanzia Bully, gemu ambayo kampuni ya Rockstar iliitoa Oktoba 2006 kwa PlayStation 2, na ambayo tangu 2016 inachezwa hata kwenye simu.

Rockstar ndio haohao wa Grand Theft Auto, ambako mchezaji huzurura mji mzima na bunduki mkononi. Jimmy yeye ana manati, fataki, mayai, upupu, na goroli za kumwaga njiani ili anayemkimbiza ateleze.

Uhondo wenyewe, hata hivyo, umo kwenye ratiba. Saa tatu na nusu asubuhi anatakiwa awe darasani, na saa saba mchana tena. Akitega, viranja wanamsaka, na wakimtia mkononi wanampeleka darasani wenyewe. Kuanzia saa tano usiku, kuonekana nje ya bweni tu ni kosa. Ikifika saa nane, usingizi unamwangusha popote alipo. Aliyesoma bweni, iwe Tabora au Kisii, hahitaji kuelezwa utamu wa kukatiza uwanja huku unachungulia kona kama kiranja yupo.

Na masomo yana faida. Kwenye Kemia mchezaji hubonyeza vitufe kwa kufuata zamu na wakati. Akifaulu, Jimmy anajitengenezea fataki chumbani kwake. Kwenye Kiingereza anaunda maneno kutokana na herufi chache alizopewa, na akifaulu anakuwa hodari wa kuomba msamaha, ujuzi ambao huokoa ngozi kuliko ngumi. Kila somo lina ngazi tano. Akizimaliza zote, kipindi hicho ni chake, na hakuna wa kumuuliza.

Kabla gemu haijaingia madukani, wakili Jack Thompson wa Florida alikwenda mahakamani kutaka izuiwe, kwa hoja kwamba inafundisha uonevu. Jaji Ronald Friedman aliiangalia ikichezwa, kisha akaruhusu iuzwe. Ukweli ni kwamba Jimmy hushinda akiwatia adabu wababe; akithubutu kumpiga msichana au mtoto mdogo, viranja humvamia papo hapo.

Kasoro zipo. Kazi za kutumwa mjini zinajirudia hadi zinachosha, na hadithi hupoa kila inapoliacha eneo la shule.

Mwaka 2023 ilitoka gemu nyingine ya shule, Hogwarts Legacy, yenye kasri la shule kubwa na zuri mno kuliko Bullworth, ikauza nakala zaidi ya milioni 20 mwaka huohuo. Lakini humo vipindi ni sehemu ya hadithi tu, na mwanafunzi anaweza kuzurura usiku kucha bila mwalimu kumuuliza alikotoka. Utoro wa namna hiyo hauna ladha.