Sindano ya Nyonga: Uikubali ao Uikatae?

Usiku umelala upande wa kuume, na mara unaamka: nyonga inawaka kama moto. Unageukia upande wa pili. Asubuhi unapanda kilima na mihogo mgongoni, kamba kwenye paji la uso, na kila hatua inakuchoma pembeni mwa nyonga. Mama jirani anakuambia: «Enda upige shindano, itaisha leo leo.» Bwana wako anauliza: «Na franga itatoka wapi?» Wewe mwenyewe hujui ujibu nini.

Mpenzi msomaji, huku kwetu Kashebere, kati ya vilima vya Masisi na msitu wa Walikale, mzigo ndio chakula. Wengi wanakumbuka Bisie: kisha mwaka 2002, vijana walitoka kule na magunia ya kasiteriti ya kilo 50, mwendo wa siku mbili msituni mpaka Njingala. Kwa hiyo swali la sindano si swali la munganga peke yake. Ni swali la jamaa nzima.

NI UGONJWA GANI?

Pembeni mwa nyonga, pale unapogusa mfupa wa paja chini ya ngozi, kuna mfuko mdogo wenye ute. Kazi yake ni kuzuia kano zisisuguane na mfupa. Mfuko huo ukivimba, waganga wanaita bursiti. Zamani lawama yote iliwekwa juu ya mfuko. Siku hizi inajulikana kwamba mara nyingi kano za misuli ya matako ndizo zimechoka na kuharibika, na mfuko unaumia pamoja nazo. Ugonjwa huu unakamata zaidi wamama wa miaka 40 mpaka 60, lakini kijana mwenye kubeba anaweza kuupata pia.

Jipime kwanza. Bursiti inauma pembeni. Ukibonyeza hapo kwa kidole, unaruka. Maumivu ya kwenye kinena, mara nyingi kiungo chenyewe ndicho kinaumwa. Maumivu yanayotoka kiunoni na kushuka mpaka chini ya goti, mara nyingi ni mshipa wa fahamu. Hayo, sindano ya pembeni haitayaponya.

SINDANO INAFANYA NINI?

Dawa yake ni ya jamaa ya kortizoni. Mwaka 1948, kule Marekani, munganga Philip Hench aliipa mama mmoja ambaye viungo vilikuwa vimemlemaza. Kisha siku chache alitembea. Watu walishangaa, na mwaka 1950 Hench na wenzake wawili walipewa zawadi ya Nobel. Lakini furaha haikukaa sana, kwani madhara ya dawa yalianza kuonekana kwa wale walioitumia kwa muda mrefu.

Kwa nyonga, jambo liko hivi: sindano inatuliza maumivu kwa wiki ao miezi michache. Mwaka 2018, waganga wa Australia walitangaza kazi waliyofanya na wagonjwa 204. Kundi moja lilipewa sindano, la pili lilifundishwa mazoezi na namna ya kuangalia nyonga, la tatu lilingojea tu. Kisha wiki 8, katika watu 100 wa mazoezi, karibu 77 walisema wamepata nafuu kubwa. Wa sindano karibu 58. Wa kungojea karibu 29. Kisha mwaka mzima, wa mazoezi walibaki karibu 79. Wa sindano walikuwa karibu 58, na wale waliongojea tu walikuwa wamefika 52.

Umeona? Sindano si uongo. Inasaidia kweli, lakini haidumu. Haitengenezi kano, na haiondoi mzigo mgongoni.

UULIZE HAYA MBELE YA KUCHOMWA

Dawa hii inaitwa nani? Omba kuona chupa. Kama mtu anakuchoma kitu kisicho na jina, na sindano hukuiona ikitoka katika karatasi yake mpya, ondoka. Usaha ndani ya nyonga ni mbaya kuliko bursiti.

Niko na kisukari? Kortizoni inapandisha sukari kwa siku kadhaa.

Ninatumia dawa za virusi vya UKIMWI? Usione haya, umwambie munganga. Zingine haziendi pamoja na sindano hii.

Niko na homa, kikohozi cha muda mrefu, jasho la usiku, ao ninakonda? Kifua kikuu kinaweza kukaa ndani ya nyonga, na sindano itakificha huku kinaendelea kula mfupa. Hapo kwanza vipimo. Vilevile kama umeanguka na huwezi kukanyaga.

Nimekwisha kuchomwa mara ngapi? Kurudiarudia kunachosha kano. Ngozi ya pale pia inaweza kugeuka nyeupe na kubonyea.

Na vidonge vya deksametazoni ao prednisoloni vinavyouzwa sokoni kwa kila maumivu, uviogope. Kuvimeza miezi na miezi kunalegeza mifupa, na kunaweza kuua kichwa cha mfupa wa paja.

ANZA NYUMBANI

Lala upande usiouma, na nguo iliyokunjwa kati ya magoti. Mtoto mbebe mgongoni, usimkalishe kwenye nyonga moja. Mzigo mmoja ugawanye mara mbili. Lala chali, kunja magoti, inua matako polepole, shusha. Mara kumi, asubuhi na jioni. Kisha simama ukishika ukuta, peleka mguu pembeni polepole. Ukiumia sana, punguza. Endelea wiki 8.

BASI, UAMUE NAMNA GANI?

Kama umefanya hayo yote na bado hulali usiku, na munganga anayejua mifupa amekupima, sindano moja inaweza kuwa msaada mzuri. Kule Goma, hospitali ya HEAL Africa inajulikana kwa kazi hiyo. Lakini uikubali ili upate nafasi ya kupumzika na kufanya mazoezi. Wiki mbili za kwanza usibebe kitu kizito.

Na wewe kijana, unayetaka uchomwe Jumamosi ili Jumatatu urudi kwenye gunia, sikia vizuri: maumivu ni mlinzi wa nyumba. Ukimlaza mlinzi na mlango ukabaki wazi, mwizi ataingia tu.

Wababa, mkumbuke hili: dawa ya kwanza ya nyonga ya mama haiuzwi farmasi. Ni mikono mingine inayokubali kubeba.

TUZUNGUMZE NYUMBANI

1. Katika nyumba yetu, nani anabeba zaidi? Kwa nini ni yeye?
2. Mama akiambiwa apumzike wiki mbili, nani atateka maji na kuni?
3. Tumewahi kununua dawa ya maumivu bila kujua jina lake?