Kitoto cha paka Kinindo: kingoje kifike wiki ya nane

Wengi wanaouliza paka Kinindo hawatafuti paka, wanatafuta dawa ya panya. Mtaa huu wa Bujumbura umeshuka hadi karibu na ziwa Tanganyika, una viwanja vipana vyenye miembe, mifereji ya maji ya mvua, stoo za mchele na maharage, na mara nyingi banda la kuku au sungura nyuma ya jiko. Panya ana kila sababu ya kuhamia. Basi jirani akisema paka wake amezaa, mtoto wa nyumba anatumwa na katoni. Kinaletwa kiumbe cha wiki nne, macho bado ya buluu, kinalia usiku kucha, kinawekewa kisahani cha maziwa, na baada ya siku mbili tatu kinaharisha. Hapo ndipo sisi madaktari wa wanyama tunapoitwa, na mara nyingine tunaitwa tumechelewa.

Haraka hiyo inaharibu kile kile kilichotafutwa. Paka huzaliwa na hamu ya kukimbiza chochote kinachokimbia, lakini kukamata panya na kumuua ni kazi ambayo kwa kiasi kikubwa anaonyeshwa na mama yake. Kuanzia wiki ya nne hivi mama huwaletea watoto windo lililokufa, baadaye la nusu uhai, mwisho huwaachia lililo hai wahangaike nalo wenyewe yeye akiangalia. Anayeondolewa katikati ya masomo hayo huenda akajifunza baadaye peke yake, huenda asijifunze. Pia ni katika kupigana na ndugu zake ndipo kitoto hujua meno yanauma kiasi gani, kwa sababu akizidisha naye anang'atwa. Kilicholelewa peke yake hufanya mazoezi hayo kwenye vidole vya watoto wako.

Kuna jambo jingine linalotokea wakati huo huo. Kati ya wiki ya pili na ya saba ubongo wa paka huamua nani wa kuaminiwa. Kitoto kilichoshikwa kwa upole na watu kadhaa katika kipindi hicho, wakubwa na watoto, hubaki rafiki wa watu maisha yake yote. Kilichozaliwa juu ya dari na kuonana na binadamu kwa mara ya kwanza kikiwa na miezi mitatu kinaweza kuzoea, ila kwa jasho. Kwa hiyo ukichagua, usitazame rangi kwanza. Tazama nyumba: mama anawinda? Watu wa pale wanawabeba watoto wake? Kama majibu yote ni ndiyo, weka oda yako na usubiri. Wiki nane ndiyo chini kabisa. Kumi au kumi na mbili ni bora zaidi.

Neno la mwenye paka kwamba “kana miezi miwili” lichukue kwa tahadhari, maana anayetaka kupunguza mdomo nyumbani huongeza umri. Macho ya buluu huanza kugeuka rangi wiki ya sita au ya saba. Uzito unasema zaidi. Kitoto huzaliwa na gramu kama 100, na chenye afya hukaribia gramu 800 kinapofika wiki ya nane. Mizani ya muuza ndagala yeyote itakupa jibu bila ubishi. Nusu kilo ni mtoto wa wiki tano, arudi kwa mama yake. Tumbo lililofura kama ngoma juu ya mgongo uliokonda ni minyoo, halina uhusiano na shibe.

Sasa maziwa. Picha ya paka na kisahani cheupe imetuingia kichwani sote, na ningefurahi ingetoka. Kadiri kitoto kinavyoachishwa kunyonya, tumbo lake hupoteza uwezo wa kusaga sukari ya maziwa, na maziwa ya ng'ombe yana sukari hiyo tele huku protini yake ikiwa karibu nusu tu ya iliyomo katika maziwa ya paka. Matokeo ni kuharisha, na mnyama wa gramu 500 akiharisha siku nzima ameishiwa maji mwilini. Kinywaji chake ni maji safi, basi. Kama umeokota kichanga kisicho na mama, chini ya wiki nne, hicho kinahitaji maziwa ya unga ya vitoto vya paka kutoka kwa daktari, yaliyopashwa moto wa mwili, nacho kikinywa kwa kulala kifudifudi. Ukikilaza chali kama mtoto wa binadamu, maziwa yanaingia mapafuni.

Baada ya maziwa, bugali na mchuzi wa maharage. Paka hawezi kuishi kwa nafaka hata akizila kwa furaha. Mwili wake hautengenezi taurini ya kutosha, na taurini inapatikana katika nyama na samaki, haimo katika mahindi wala mihogo. Mwaka 1975 watafiti walionyesha kwamba paka asiyeipata huharibika retina ya macho, na mwaka 1987 ikajulikana kuwa misuli ya moyo wake nayo hulegea na kutanuka. Ndiyo maana chakula cha paka cha madukani huongezwa taurini, na ndiyo maana chakula cha mbwa, ambacho ni rahisi kukipata, hakiwezi kuwa badala yake.

Anayeishi Bujumbura ana bahati ya ziwa. Ndagala ni chakula kizuri, wanaliwa na kichwa na mifupa, kwa hiyo wana kalsiamu pia. Wachemshe. Samaki wengi wa ukoo wa dagaa wakiwa wabichi wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na paka anayewala wabichi kila siku huishia kuyumba na kupata degedege. Moto unakiua kimeng'enya hicho. Mchuzi uliochemshia usiumwage, maana taurini huyeyuka majini. Mpe pamoja na samaki. Ndagala walioanikwa chini huja na mchanga, waoshe vizuri, na kama wana chumvi waloweke kwanza. Samaki peke yake kila siku pia si sawa. Changanya na maini kidogo, mioyo ya kuku, yai lililopikwa, na ukiweza ongeza chakula cha dukani cha vitoto. Mpe mara nne kwa siku hadi mwezi wa nne, kwa mafungu madogo.

Hapo huwa naulizwa: akishiba, atawinda? Atawinda. Katika majaribio ya miaka ya 1970, paka waliokuwa katikati ya kula chakula wanachokipenda walikiacha, wakaenda kumuua panya aliyeletwa, kisha wakarudi kumalizia chakula. Njaa haimfundishi kazi, inamdhoofisha tu, na paka dhaifu huogopa panya mkubwa. Ana haki ya kuogopa.

Siku za kwanza mpe chumba kimoja tu, sebule nzima ni dunia kubwa mno kwake. Katoni iliyolazwa ubavu, kitambaa kilichokaa na mama yake, maji, chakula, na mbali na hivyo beseni la mchanga. Choo hahitaji kufundishwa, anahitaji kuonyeshwa. Akikaa chini ya kabati usimvute. Kaa sakafuni ufanye shughuli zako, njaa na udadisi vitamtoa. Hatari za viwanja vya hapa zina sura zake: mapipa ya maji tunayojaza kwa hofu ya maji kukatika yafunikwe, maana kitoto kikitumbukia hakina pa kukwea, na zamu wa getini aambiwe agonge boneti kabla gari halijawashwa asubuhi, kwani injini yenye joto ni kitanda kizuri. Mbwa wa nyumba wakutane naye wakiwa wamefungwa kamba, kwa siku kadhaa.

Sumu ya panya na paka havikai uwanja mmoja. Panya aliyekula sumu hupoteza wepesi, ndiye anayekamatika kwanza, na sumu iliyo tumboni mwake inahamia kwa aliyemla. Chagua kimoja, na uongee na jirani wa ukuta wa pili pia. Kwenye kabati la dawa, kidonge kimoja cha parasetamoli kinatosha kumuua paka mkubwa. Dawa za viroboto na kupe za mbwa zenye permethrini zinamuua vile vile, hata zikipakwa nje tu.

Dada wa kazi aliyekulia Buyenzi, mtaa wenye Waislamu wengi, atakuambia paka si najisi, na hadithi ya Mtume anayoisimulia Abu Qatada iko upande wake. Kinyesi ni habari nyingine. Minyoo itibiwe siku za mwanzo, kwa dozi ya uzito wake, na irudiwe kila baada ya wiki mbili hadi daktari aseme imetosha. Mjamzito hana haja ya kumfukuza paka: vijidudu vya toksoplasma vinahitaji angalau siku moja nje ya mwili kabla ya kuambukiza, kwa hiyo mtu mwingine amwage mchanga mchafu kila siku. Mishikaki isiyoiva vizuri inastahili woga mkubwa zaidi. Chanjo za mafua ya paka na panleukopenia huanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka ya 16. Ya kichaa cha mbwa ni wiki ya 12, na hiyo haina mjadala, kwani ugonjwa huo upo Burundi na ukishaonyesha dalili hautibiki. Ukiumwa au kukwaruzwa na paka usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne. Ulaya urefu wa mchana humpangia msimu. Sisi tuliopo karibu digrii tatu tu kusini mwa ikweta hatuna msimu huo, anaweza kuzaa mwaka mzima, na mimba ni wiki tisa tu. Usingoje azae mara moja kwanza, hakuna faida anayoipata. Mpeleke afungwe kizazi kabla ya mwezi wa tano, dume naye ahasiwe, kuwinda wataendelea. Na kama umechelewa, watoto wake wasitoke uwanjani mwako kabla ya wiki ya nane, hata jirani akija na katoni mkononi.