Ada ya Kuchapisha Sayansi
Kwa miongo mingi gharama za majarida ya kisayansi zilibebwa na msomaji, hasa kupitia maktaba za vyuo vikuu, ilhali watafiti walioandika makala, na wenzao waliozihakiki kabla ya kuchapishwa, kwa kawaida hawakulipwa na mchapishaji. Mwaka 2018 kundi la wafadhili wa utafiti, wengi wao wa Ulaya, lilitangaza Plan S, mpango unaotaka kila makala iliyotokana na fedha zao isomwe bure tangu siku inapochapishwa. Mzigo, hata hivyo, haukutoweka. Ulimhamia mwandishi, anayetozwa ada ya uchapishaji, na jarida la Nature lilipofungua njia hiyo mwaka 2021 liliiweka ada kuwa yuro 9,500 kwa makala moja. Wachapishaji wakubwa huzisamehe nchi za kipato cha chini, lakini msamaha huo mara nyingi hufuata madaraja ya Benki ya Dunia, na Tanzania, iliyopandishwa Julai 2020 kuingia uchumi wa kati, ikajikuta katika kundi ambalo majarida mengi hulipatia punguzo tu; fahari kwa wanasiasa, pengine, wala si nafuu kwa mtafiti wa Morogoro anayedaiwa kiasi kilichobaki.